Mercyline Atieno Owiti, Aliyewachapia Wengine Wasifu Wao

Mama Mercyline alikuwa na sheria moja kuhusu wasifu: ukipita kurasa tatu, waliokaa juani wanaanza kumlaumu marehemu. Leo marehemu ni yeye mwenyewe, na sisi wakwe zake bado tunaogopa kumvunjia sheria. Tutajitahidi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Awasi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Zablon Amolo na marehemu Mama Rosebella. Ilikuwa siku ya soko. Uchungu ulimshika mama yake akiwa amekaa nyuma ya debe la mahindi, na wanawake wenzake wakamzungushia kanga palepale. Mtoto akatoka akipiga kelele mbele ya nusu ya Awasi. Labda ndiyo maana maishani mwake hakuwahi kumwonea haya mtu yeyote.

Alisoma shule ya msingi Awasi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha akamaliza kidato cha nne mwaka 1973. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha uchapaji mjini Kisumu. Mwalimu wa chuo hicho aliwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa ili wasitazame vidole. Wenzake waliomba kitambaa kiondolewe. Yeye, siku kilipoondolewa, aliomba arudishiwe, akisema vidole vyake vilikuwa vimezoea faragha.

Mwezi wa Mei 1977 aliajiriwa na manispaa ya Kisumu, kitengo cha leseni za biashara. Kwa miaka ishirini na tatu leseni za vinyozi, bucha na vibanda vya chai zilipita chini ya vidole vyake. Kazi hiyo ilimwingia damuni. Ukiingia naye dukani, kabla hajamsalimu mwenye duka, macho yake yalikuwa ukutani yakitafuta leseni, na akiikosa aliuliza kwa sauti iko wapi. Aibu hiyo tuliivumilia hadi mwisho.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Mwalimu Barnabas Owiti, mwana wa hapa Nyamware. Walikutana kwa sababu ya mtihani. Mwalimu alimletea karatasi ya mtihani wa darasa la saba amchapie, naye akairudisha ikiwa safi, na maswali mawili yamerekebishwa. Mwalimu alikasirika wiki nzima, halafu akarudi na mtihani mwingine usiokuwa na haraka yoyote. Waliishi Kaloleni, na Mungu akawajalia Akinyi na Griffin. Mwalimu alitangulia mwaka 2011.

Alipostaafu mwaka 2000, Mama Mercyline aliweka meza kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake akaanza kuchapa programu za mazishi. Januari 2003 alinunua kompyuta iliyotumika, na Bwana Muchiri, fundi aliyetoka Nyeri akafanya Kisumu kuwa kwao, akamwekea Windows XP. Kuanzia hapo, mtu akifariki kati ya Dunga na Awasi, baada ya daktari na mchungaji aliitwa Mama Mercyline. Hakuwa mtu wa kuandika tu alichoambiwa. Familia ikisema marehemu alipenda watu wote, aliweka kalamu chini akauliza, "Watu gani?" Walitoka wakiwa wamechoka, lakini siku ya mazishi kila mtu alimtambua mtu wake. Alichapa maisha ya watu 1,126, na hakufuta hata moja. Aliyahifadhi yote kwenye mashine hiyo.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Akawa anakwenda kusafishwa damu Jumatatu na Alhamisi, na kazi akaipunguza. Februari 2024 mashine nayo ikagoma: iliwaka, ikaonyesha skrini ya buluu, ikazima. Hakujali sana. Alisema ni wazee wawili, wapumzike pamoja.

Kisha yakaja mafuriko ya Aprili na Mei. Wengi mlio hapa hamhitaji kuelezwa. Maji yalipopungua, watu wa Nyando na wa ufuoni walianza kubisha mlango wa Kaloleni. Waliopoteza magodoro walikuwa na pa kupeleka kilio, lakini waliopoteza ile programu ya mazishi ya mama, ya baba, ya mtoto, iliyokuwa na picha na maneno, walijua ni mtu mmoja tu anayeweza kuwa na nyingine. Familia arubaini na moja. Kila iliyokuja, Mama Mercyline aliiambia irudi baada ya wiki mbili, halafu mlango ukifungwa anakaa kitandani analia. Alimwambia Akinyi waziwazi kwamba kufa hakumtishi, ila hawezi kufa akiwa amewafungia watu wao ndani ya sanduku lililoharibika.

Bwana Muchiri aliichukua mashine. Alifanikiwa kutoa faili zote, akazifungua kwenye kompyuta mpya ya dukani kwake, zikatoa alama za ajabu ajabu. Ile programu ya kompyuta aliyopangia kurasa ilikuwa ya zamani na haikukubali kukaa kwenye kompyuta za kisasa. Dawa ilikuwa moja: kuiweka Windows XP upya kwenye mashine ya zamani. Sidii yake ya kuiwekea ilikuwepo, salama ndani ya bahasha. Kilichotakiwa ni ile namba ya leseni, herufi na tarakimu ishirini na tano, ambayo hukaa kwenye kibandiko ubavuni mwa mashine.

Kibandiko hakikuwepo. Wanawake wa kwetu wanajua sababu kabla hatujaisema. Sufuria za Mama Mercyline zilisuguliwa kila Jumamosi mpaka ukajiona uso, na aliyezaliwa na mkono huo hawezi kuacha sanduku la chuma likikaa na uchafu sebuleni. Kwa miaka ishirini na moja alilisugua kwa sabuni na waya wa sufuria pamoja na vyombo vingine. Kibandiko kilikuwa kimekwenda na povu zamani sana. Akakumbuka kwamba aliwahi kuinakili namba hiyo mahali salama, akafurahi, halafu akakumbuka mahali penyewe: kwenye faili, ndani ya mashine hiyohiyo. Bwana Muchiri alicheka mpaka akaketi. Mama Mercyline hakucheka.

Muchiri alimwambia asijali, namba kama hizo zimejaa kwa mtandao.

"Wacha nikuwekee moja, Mama. Hakuna mtu atajua."

"Mimi nimechapia watu leseni miaka ishirini na tatu," Mama Mercyline akamjibu. "Nikufe nikitumia ya mtu mwingine? Hawa wafu wote elfu moja na zaidi, niwaamshe na kitu cha wizi?"

Tulimbembeleza. Akinyi alimsihi, Griffin akapiga simu, mchungaji mwenyewe akasema Mungu anaelewa. Alisema Mungu anaelewa, lakini leseni ni leseni. Mtu mkaidi, Mama Mercyline. Miezi miwili ikapita hivyo, na afya ikizidi kurudi nyuma.

Mnamo tarehe 17 Agosti 2024 Mzee Ogola wa Dunga alikuja kumjulia hali, akiwa na samaki wawili, ngege, ndani ya mfuko. Mkewe alifariki Februari 2003, na programu yake ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kabisa kuchapwa na kompyuta hiyo. Wakaongea habari za ziwa, na za maji yaliyoingia mpaka madirishani, na mwishowe Mama Mercyline akamweleza shida yake ya namba. Mzee akauweka mfuko wa samaki chini.

"Nyar Awasi," akasema, kwa maana sisi tulimwita hivyo, binti wa Awasi. "Miaka yote nimetaka kukuuliza. Zile herufi uliandika chini ya jina la mke wangu zilikuwa za nini?"

Hapo ndipo ilipomrudia. Mwaka ule wa kwanza, mtu aliyetoka ofisi ya leseni alipewa leseni na fundi. Angefanya nini nayo kama si kuionyesha kwa umma? Kwa miezi mitatu aliichapa namba yake chini kabisa ya ukurasa wa mwisho wa kila programu, mpaka Mwalimu Owiti alipomwambia aiondoe kwa sababu waombolezaji walidhani ni namba ya mochari.

Mzee Ogola alikuwa ameitia programu ile kwenye fremu na kuitundika juu ya mlango, juu ya kimo cha maji. Alikuwa akiisoma kila Pasaka.

"Nilidhani ni namba yake huko alikokwenda," akasema. "Sikutaka ipotee."

Mama Mercyline alimshika mkono, na wote wawili walilia bila kuficha.

Jumatatu iliyofuata aliahirisha hospitali kwa saa mbili, jambo ambalo daktari hakulipenda na sisi hatulipendekezi kwa mtu yeyote. Mzee akaleta fremu dukani kwa Muchiri. Mzee mwenyewe alisoma herufi moja moja, Mama Mercyline akazichapa mwenyewe, macho yakiwa juu ya Mzee na si kwenye vidole. Mkunjo wa karatasi ulikuwa umepita juu ya herufi moja, wakajaribu mara tatu. Mara ya tatu mashine ikaikubali. Ilipowaka kabisa na ule muziki wake wa kufungulia, mama wa watu aliomba kiti.

Hakuzitoa faili harakaharaka. Kila familia iliitwa Kaloleni, ikaketishwa, ikasomewa wasifu wa mtu wao kwa sauti mpaka iseme ndiye. Katika baadhi, wale walioandikwa kuwa marehemu amewaacha walikuwa nao wamefariki, akawahamishia kwa waliotangulia. Siku za hospitali hakufanya kazi, siku nyingine nguvu zilimtosha familia moja tu. Alilala Jumanne tarehe 11 Machi 2025 saa nne asubuhi, katika hospitali moja mjini Kisumu, Akinyi akiwa kando yake, akiwa amebakiza siku tatu kutimiza miaka sitini na tisa. Familia thelathini na nane zilikuwa zimepokea programu zao.

Ameacha watoto wawili, Akinyi na Griffin, wajukuu watano, dada yake Maryanne wa Awasi, shemeji zake wakiongozwa na Bwana Oyugi, Bwana Muchiri, ambaye tumekwisha kumhesabu kuwa wetu, na majirani wa Kaloleni.

Bado familia tatu: moja ya Awasi, moja ya Ahero, moja ya hapahapa Nyamware. Tunajua mpo. Kazi yenu imechapwa, iko kwenye meza ya kitabu cha maombolezo. Tunawaomba msichukue karatasi mkaondoka. Tukishamfukia, kabla ya chakula, mje mketi na Akinyi. Atawasomea mtu wenu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mpaka mseme ndiye. Mkishasema, Mama Mercyline atapumzika.