Taa ya Jumwa: Maisha ya Fundi Chome Mwaringa

Ndugu, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya ndugu yetu Chome Mwaringa, aliyezaliwa Mackinnon Road tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa Mzee Mwaringa na Mama Mbeyu, akasoma shule ya msingi huko huko hadi mwaka 1983, kisha akajifunza ufundi wa umeme Mombasa.

Mwaka 1990 aliajiriwa katika hoteli moja ya Diani, akaitumikia miaka thelathini, na tarehe 6 Aprili 1996 alimwoa Kadzo, wakajenga Gazi, wakajaliwa binti mmoja, Jumwa, tarehe 2 Novemba 2005.

Jumwa ameturuhusu kusema kwamba ana kifafa, na taa ikiwaka ghafla au ikipepesa humwangusha, ndipo baba yake akaunda kijisanduku chenye kompyuta ndogo kama kidole gumba, ambayo kila wimbi la umeme linapofika sifuri, mara mia kwa sekunde, husubiri kidogo kabla ya kuufungulia umeme njia, ikisubiri sana taa hufifia, ikipunguza kusubiri taa hung'aa, na hivyo mwanga huja taratibu kama kunavyokucha.

Lakini tarehe 12 Agosti 2021 Chome alifunga balbu ya kuokoa umeme, isiyokubali kufifishwa, ikapepesa, Jumwa akaanguka na kupasuka paji la uso. Akarudisha balbu ya zamani ya waya, inayokubali kufifishwa, akakitia kijisanduku kufuli, na yeye aliyefundisha mafundi wengi hakumruhusu binti yake hata kukigusa.

Mwaka 2023 figo za Chome zilishindwa, na hofu yake ikawa moja, nani ataitunza taa ile. Jumanne tarehe 3 Juni 2025, magharibi, Chome akiwa amelazwa hospitali ya Msambweni, Kadzo alimpigia simu kwamba taa imeanza kupepesa, amezima umeme wa nyumba nzima. Chome akataja alipouficha ufunguo, nyuma ya picha ya harusi, akaomba Jumwa apewe simu.

"Swichi kuu umezima?"

"Mama amezima, baba."

"Kaangalie mwenyewe." Akamrudisha mara tatu. "Mwanangu, naogopa."

"Hata mimi, baba. Niambie waya upi."

Ulikuwa ule unaopima wimbi, umelegea, Jumwa akaukaza huku Kadzo akimulika kwa kurunzi, wakawasha, na Chome akabaki ameishikilia simu hadi aliposikia, "Inapanda, baba. Polepole."

Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Gazi, hasa Bi Fauzia aliyetupikia siku zote hizi, na mafundi wenzake wa Diani.

Pumzika kwa amani, Chome, ufunguo anao Jumwa.