Mama Usipumue na Vidole vya Utingo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha eksirei, mwenzetu tuliyezoea kumwita Mama Usipumue anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina alilipata kihalali, kwa kumwamuru kila mgonjwa 'Usipumue!' kabla ya kupiga picha. Inasemekana hata mumewe nyumbani hubana pumzi akimsikia anakohoa.

Alianza na vifua na mifupa, lakini sifa zilimjia kwa picha za kibofu na mrija wa mkojo. Ni kazi yenye aibu zake. Watu wazima hujikunja kama watoto. Yeye aliwatania mpaka wakasahau kwamba wamevuliwa nguo.

Siku ya dereva wa lori sitaisahau. Aliletwa kutoka ajalini amevunjika nyonga, mkojo umegoma kutoka. Utingo wake alikuwa amefia palepale barabarani, ila dereva alikuwa hajaambiwa. Mama Usipumue alimpitishia kwenye mrija dawa inayong'aa pichani, akaja nyuma ya kizuizi cha mionzi nilikosimama, akapiga picha. Kule mezani alibaki dereva peke yake.

Picha ilionyesha dawa ikivuja pale mrija ulipochanika. Juu ya nyonga ilionyesha pia mifupa ya vidole, kimoja hakina ncha. Mikono ya dereva, yote miwili, ilikuwa imefungwa bendeji kifuani. Kabla hatujatamka neno, dereva akashukuru kwamba utingo wake yu mzima, maana amemshikilia nyonga muda wote, kwa mkono uleule uliokatwa ncha ya kidole na mlango wa lori. Ila leo, alisema, mkono wenyewe wa baridi mno.

Mama Usipumue hakukimbia. Aliipeleka picha kwa daktari wa upasuaji, akarudi, akavuta kiti, akamweleza dereva ukweli. Walilia wote wawili.

Mrija ukashonwa. Miezi kadhaa baadaye dereva alirudi kupigwa picha: mkojo unapita vizuri, na juu ya nyonga hakuna kitu. Aliomba apigwe nyingine, moja tu, huenda ule mkono ukaonekana. Mama akamkatalia kwa upole: mionzi ni ya kuwapima walio hai. Dereva alipotoka, nilimsikia Mama akikiambia chumba kitupu kwamba mwenzake amepona, sasa amwachie, akapumzike.

Mama yetu, asante kwa moyo usiotishika. Uwe na afya tele, usingizi mtamu, na wajukuu wa kukuchosha kwa vicheko.