Mama Zima-Washa na Picha Iliyoacha Kuganda

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Zima-Washa anastaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja ameingia kwenye nyumba za watu waliokasirika na kuwaacha wakitabasamu. Mkuu wa kituo chetu cha intaneti ametaka wasifu wake uandikwe na mtu wa mitaroni, anayechimba njia za kebo, si wa ofisini, kwa sababu sisi tulikuwepo siku ile ambayo wengine wameisikia tu. Basi utaandikwa hivyo hivyo, kwa mkono wa sepeto.

Alianza kazi juu ya nguzo. Enzi hizo intaneti ilipita kwenye waya wa simu ikilia kama paka aliyefungiwa chumbani, na mtu akiinua simu sebuleni, kompyuta ya chumbani ilikatika. Mume wake, fundi cherehani, alimshonea mkanda wenye mifuko ya bisibisi, na mkanda huo anao hadi leo, umebadilishwa viraka tu. Nguzo zilipoanza kumuumiza magoti, akahamishiwa kitengo cha wateja wa majumbani. Huko ndiko alikopata jina.

Mteja akipiga simu kulalamika, yeye alimwambia azime ruta, kile kisanduku cha intaneti, anywe glasi ya maji taratibu, kisha awashe. Maji yalikuwa ya kumpotezea mtu muda tu, ruta ipumzike. Bibi mmoja akapiga tena kueleza kwamba amezima, amekunywa, na mwili unasikia nafuu. Je, na intaneti nayo itapona? Kituo kizima kilicheka, na kuanzia hapo hakuna aliyemwita vinginevyo.

Lakini jina hilo lilimpunja. Aliyemwona kazini anajua kwamba kuzima na kuwasha kulikuwa salamu tu. Akiingia kwenye nyumba hagusi kompyuta. Anasema, "Endeleeni kama sipo," kisha anasimama na kutazama. Kwa kutazama huko amekuta ruta imewekwa nyuma ya tangi la samaki, na maji yanameza mawimbi yote. Amekuta nyingine imefunikwa sweta ili isishikwe na vumbi, inachemka kama sufuria. Amekuta kompyuta ya mwalimu mmoja ikiamka na programu nyingi kwa pamoja, akaifananisha na mtu anayevaa makoti ya ukoo mzima kabla ya kutoka nje. Na sheria yake haijabadilika: rekebisha jambo moja, pima, ndipo uende kwenye la pili. Ukimharakisha anakupa kazi ya kushika tochi.

Watu wa mauzo walimpenda kwa mbali. Wao wakisema nunua kifurushi kikubwa, yeye anasema ngoja kwanza nione ruta imelala wapi.

Sasa siku yenyewe. Bweni letu, sisi tuliotoka mbali, lina chumba kimoja cha mapumziko na kompyuta moja ya wote. Hapo ndipo tunapoonana na watu wetu kwa video. Picha ikiganda, wengi wetu tunaendelea kwa sauti na maisha yanasonga. Mwenzetu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, hakuwa na sauti ya kukimbilia. Binti yake ni kiziwi. Wanazungumza kwa mikono, na mkono ukiganda hewani, neno limekufa.

Jumapili moja binti alikuwa akimweleza kwamba bibi yake amelazwa. Kwenye skrini yake alimwona baba yake anacheka. Kilikuwa kicheko cha utani wa mwanzo, kimeganda hapo, wala baba hakuwa na habari. Binti akazima kompyuta. Baadaye shangazi yake akatuma ujumbe: mtoto amechoka kuzungumza na sanamu. Atakaa mbele ya skrini mara moja tu tena, Jumapili inayofuata. Ikishindikana, basi, watangoja mkataba wa baba uishe ndipo waonane. Na mkataba ule ulikuwa bado mbichi.

Wiki hiyo bweni liligeuka mahakama. Mpishi alimnyooshea kidole dereva wa kreni: "Wewe ndiye unayekula intaneti, na hata hushibi!" Dereva akajibu kwamba yeye hupiga picha za mawingu tu akiwa kule juu, na mawingu yana uzito gani? Kifurushi kikubwa tulikwisha kununua. Ruta yenyewe, kwa kuogopa wezi na vidole vya watu, tuliifungia kwenye kabati la chuma pamoja na masepeto, tukatia kufuli. Tulijivunia sana lile kufuli.

Mama Zima-Washa alipata habari hizi mtaroni, alipotupitia tukiwa tunavuta kebo. Jumapili asubuhi, siku yake ya kupumzika, akatokea mlangoni na mkanda wake kiunoni. "Endeleeni kama sipo." Mpishi akafungua filamu yake, dereva wa kreni akafungua kompyuta yake ya mapajani, na fundi wa vyuma akaketi mahali pake pa siku zote, mgongo dirishani, akachezesha mikono mbele ya skrini tupu. Mama aliitazama ile mikono kwa muda mrefu.

Kisha akatuambia kwamba sote tunapima kinachoingia. Filamu inaingia, mpira unaingia. "Lakini mikono ya huyu baba haiingii, inatoka." Akapima njia ya kutoka. Ilikuwa inadondoka kama bomba bovu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba kuna njia mbili.

Akafuata waya hadi kabatini, akaona kufuli. "Mmeifunga kwa kosa gani?" akauliza. Ruta ikatolewa kifungoni, akapima: nafuu kidogo. Akalaza kebo ukutani kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta ya wote, akapima: nafuu tena, lakini bado. Akaagiza kila mtu azime chake, mmoja baada ya mwingine. Dereva wa kreni alipofunga kompyuta yake, namba kwenye skrini ikaruka juu. Mawingu yote aliyowahi kupiga yalikuwa yamepanga foleni, yanajipeleka yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, bila kupumzika. "Kumbe yana uzito!" mpishi akasema, na dereva akakosa pa kuweka uso. Mama hakuyafuta. Aliyapangia yapande saa za kazi, bweni likiwa tupu. Kwenye kompyuta ya wote akakuta programu mbili za kulinda dhidi ya virusi zikigombea lango moja. Akaondoa mmoja wa walinzi, akazuia programu nyingine zisijisasishe siku za Jumapili.

Sisi tukadhani kazi imekwisha. Yeye akawasha kamera, akatazama mikono tena kwenye skrini. Vidole bado vilikuwa vinaacha vivuli, kama vimelowa. Akamwinua fundi, akageuza meza na kiti, akamketisha akiwa ametazama dirisha. Basi. Akatueleza kwamba kamera ikiwa gizani hulifumbua jicho muda mrefu kwa kila picha, na mkono unaokwenda haraka unafutika. Hakuna waya ulioguswa, na vidole vikatokea kimoja kimoja, hadi kovu la moto kwenye gumba likaonekana. Wengine tulivua kofia bila kujua kwa nini.

Mchana binti akatokea, uso mgumu, mikono mapajani. Baba akaanza. Binti akamtazama, halafu akamrushia ishara za haraka haraka, kama mtu anayejaribu kukutega. Baba akamjibu kabla mikono ya binti haijashuka. Akamtega tena, akajibiwa tena. Mara uso ukalegea, na wakazungumza hadi jua likahama dirishani. Fundi alitutafsiria moja tu katika yote yale, na alilitafsiri huku anajifuta macho. Binti alisema: "Leo upo."

Mama alikuwa ameinama sakafuni akiokota vipande vya waya. Binti akauliza yule nyuma ni nani, na alipoelezwa, akampa jina la mikono: ngumi inafumbwa, kisha inafunguka vidole vyote. Ndilo jina lake bwenini mpaka leo.

Mama, tunakushukuru kwa kila nyumba uliyoingia na kusimama kwanza. Tunakutakia afya, magoti yasiyouma, na usingizi wa mchana usiokatizwa na simu ya mtu. Ijumaa, kwenye ukumbi wa sherehe ya kukuaga, kiti chako tumekiweka kikitazama dirisha. Ruta ya ukumbi haina kufuli, usiinuke kuikagua. Dereva wa kreni ameapa kuyaacha mawingu yake kwa siku moja. Kwenye skrini kubwa atakuwepo binti, pamoja na bibi yake aliyepona.

Wageni wote wanaombwa wasipige makofi jina lako litakapotajwa. Tutainua mikono juu na kuitikisa, kama wanavyoshangilia viziwi. Kwa hiyo ukisikia ukumbi umekaa kimya, mama yetu, usidhani picha imeganda. Tazama mikono.