Mama Asili na Neno Lisilozaliwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili, mwenzetu tunayemwita Mama Asili anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Nimekaa meza ya jirani naye miaka kumi na minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimemshuku.

Alianza kama mpiga chapa, akapanda hadi kuwa mhariri wa asili za maneno. Jina hilo alilipata kwa kutaka kujua kila neno lilizaliwa wapi na nani alilipokea. Kadi zaidi ya elfu tisa zina sahihi yake; sahihi ya pili kwenye kila kadi huwa ya mwenzake aliyeihakiki, ndio utaratibu wetu. Chai yake hakuwahi kuinywa ikiwa moto.

Kasheshe ilianza alipoandika kadi ya neno la Kiingereza "mountweazel". Alitusimulia kwamba hilo ni jina la ukoo la mwanamke ambaye hakuwahi kuwapo: ensaiklopidia moja ya miaka ya sabini ilimtungia wasifu mzima, inasemekana ili atakayenakili anaswe naye. Baadaye watu wakaanza kuliita hivyo kila ingizo la uongo lililotegwa kitabuni. Alipomaliza alicheka peke yake, akafunga droo ya meza yake kwa ufunguo.

Nikajua ametutega na sisi. Niliogopa, sitaficha: kamusi ikikutwa na uongo, nani atatuamini tena? Miaka miwili nilitumia saa yangu ya chakula cha mchana kukagua kadi zake, nikiruka tu zile nilizozihakiki mwenyewe. Sikupata kitu. Yeye akawa ananiuliza kwa upole kama macho hayaniumi.

Jumatatu alinikabidhi ufunguo. Ndani ya droo mlikuwa na kadi moja: neno la Kiingereza lenye maana ya mtu anayerudi kukagua mlango alioufunga mwenyewe, asili yake chama cha kale cha mafundi wa kufuli. Hakuna neno hilo, wala chama hicho. Sahihi ya mhakiki, kwa wino wa kijani, ni yangu.

Neno lenyewe sitalitaja. Anayelitaka alitafute kwa saa yake ya chakula.

Mama Asili, asante kwa kazi yako na kwa kunivumilia. Nenda ukapumzike, chai uinywe ikiwa moto, na mlango ukishaufunga usirudi kuukagua. Kazi hiyo umeniachia mimi.