Jina la Mtu wa Ringwani

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu; Mchungaji uliyetuongoza kwenye ibada ya asubuhi; wazee wa ukoo mliofika jana kutoka Tarime na mpaka sasa mnajikanda magoti kwa ubaya wa barabara; Mama yetu mzazi, Robi; Mzee Kisyeri wa Robanda, rafiki wa baba tangu ujana; kaka yangu mkubwa Nashoni, msimamizi wa shughuli hii; majirani wa Machochwe, pamoja nanyi ndugu wageni waalikwa: wakubwa wangu wote, shikamooni. Wa rika langu na wadogo, habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi. Kaka Nashoni ameniambia zikizidi atazima spika, na mnaomfahamu mnajua hana utani. Mimi ni kitinda mimba wa marehemu Mzee Waitara Mseti, ambaye leo ametimiza mwaka mmoja tangu atutoke, na ambaye kaburi lake tumemaliza kulijengea juzi. Jina langu ni Mogesi. Wengi hapa mnaniita Daktari kwa sababu ni afisa mifugo, na wengine nadhani hamkuwahi kujua kama nina jina lingine.

Kazi yangu ni kuuliza. Ng'ombe hakuambii anaumwa wapi, kwa hiyo unamuuliza mwenye ng'ombe, unamuuliza anayemchunga, unauliza alikunywa maji mto gani na alilishwa upande upi wa mpaka wa hifadhi. Sasa mtu mwenye kazi ya namna hii, anawezaje kuishi miaka arobaini na moja bila kujua amepewa jina la nani?

Maana kwenye ukoo wetu, wageni mtuelewe, mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kufariki. Kaka Nashoni ana jina la mjomba wa baba, na kaburi la mjomba huyo ukitaka utaonyeshwa. Dada zangu nao majina yao yana wenyewe. Langu tu ndilo halikuwa na mwenyewe. Nilipomuuliza baba alijibu kwamba ni la mtu mwema, akachukua fimbo yake akaenda kwa ng'ombe. Nikamuuliza tena nilipomaliza kidato cha nne, akaenda tena kwa ng'ombe.

Kwa Mama ilikuwa vigumu zaidi. Mama hajawahi kunitamkia jina hilo. Nilipokuwa mtoto aliniita "wewe mdogo", nilipoanza shule akaniita "mwanafunzi", nilipoajiriwa ndiyo hiyo "Daktari", na watu wakadhani anajivunia cheo. Mimi nilijua analikwepa. Iliniuma, ndugu zangu, na leo nasema mbele yenu na mbele yake kwamba iliniuma sana.

Wiki tatu zilizopita tulikaa hapa hapa nyumbani kupanga shughuli hii, na tukakubaliana kila mmoja aseme kitu anachomkumbukia marehemu. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kaka Nashoni alikumbusha jinsi baba alivyokuwa akifukuza tembo kwenye mahindi. Wenzake walipiga madebe na kutukana; yeye alianza kwa kuwaamkia shikamoo, kwa sauti, akisema mkubwa ni mkubwa hata akija kukuibia. Halafu ndipo alipopiga debe. Shangazi mmoja akaongeza kwamba hakuna mtu wa kijiji cha Ringwani aliyewahi kupita hapa bila kuzuiwa. Awe muuguzi, awe mnunuzi wa ng'ombe, awe mwinjilisti, baba angemkalisha, angempa maziwa, angemuuliza habari za Ringwani nyumba kwa nyumba: huko wazima? Kina mama wakubwa wazima? Hakuna aliyeumwa? Na kila mavuno alikuwa akitoa debe la ulezi, ule ulezi mzuri uliopepetwa mara mbili, na kumpa mtu wa kuupeleka huko.

Tukacheka. Tukaulizana, hivi kwa nini Ringwani? Hatuna shamba huko, hatuna mkwe huko.

Hapo ndipo Mama alipoweka kikombe chini. Alisema kwa utulivu kabisa kwamba sisi watoto ni wajinga, kwamba kila mtu mzima alijua Mzee Waitara ana mke Ringwani, kwamba mke huyo, kwa maneno ya wapita njia, anaitwa Mogesi, na kwamba yeye amelea miaka arobaini na moja mtoto wake mwenyewe wa kumzaa aliyepewa jina la mke mwenzake.

Jamani, mmewahi kuona kikao cha Wakurya kikanyamaza? Kilinyamaza.

Mzee Kisyeri ndiye aliyekohoa. Mzee wangu, usiiname, hili nakusifia. Alisema kwamba yeye na baba waliapishana jambo hili lisitoke mpaka mmoja wao aondoke, kwamba mwaka mzima amengoja mtu amuulize, na hakuna aliyemuuliza. Mimi muuliza maswali wa serikali, sikufikiria kumuuliza!

Akasimulia. Kabla sijazaliwa, baba alitoka hapa kufuata mitamba wake watatu waliopotea. Alipofika Ringwani homa ikamwangusha njiani. Wakati ule wizi wa mifugo ulikuwa umechacha, na kijana mgeni mwenye fimbo anayeuliza habari za ng'ombe alionekana mwizi tu. Mjane mmoja akamwokota, akamlaza nyumbani kwake, akamnywesha uji wa ulezi siku tisa. Siku ya pili vijana wa kijiji walikuja kumtoa. Yule mama alisimama mlangoni na kuwaambia:

"Huyu ni mtoto wangu. Mkimtaka, anzeni na mimi."

Wakaondoka. Baba akapona, akarudi Machochwe na ahadi moyoni kwamba atampelekea mama yule mtamba mmoja. Kabla hajampeleka, mpita njia akaleta habari kwamba amekuta kilio nyumbani kwa mama yule, kwa hiyo ameshafariki. Wiki hiyo hiyo nikazaliwa mimi, na nikalia siku nne. Wakanitajia majina ya mabibi wote wa ukoo, maana mtoto akilia hivyo husemwa anatafuta jina lake, nikazidi kulia. Mama akiwa amelala kwa uchovu, baba akaniinua, akanitajia jina la marehemu wake wa Ringwani. Nikanyamaza. Basi, likawa jina langu.

Miezi mitano baadaye baba na Mzee Kisyeri walikuwa mnadani Mugumu, baba ameshika kamba ya ndama. Akainua macho na kumwona marehemu ameketi anauza karanga.

Kilio kile kilikuwa cha mama mkwe wa mjane yule.

Mzee Kisyeri anasema baba aliacha ndama, akaacha kofia, akatimka. Tunaweza kucheka, lakini tumwelewe. Alikuwa amempa mtoto jina la mtu hai kama linavyotolewa jina la maiti, tena mtu aliyempa uhai. Aliamini kabisa kwamba mama yule akisikia atajiona amehesabiwa makaburini, na akiugua hata mafua, itakuwa ni mkono wa Waitara. Kubadilisha jina la mtoto aliyenyamaza hakuthubutu. Akaamua kunyamaza yeye, na kuuliza afya ya Ringwani kwa kila mpita njia maisha yake yote. Kumbe tulikuwa tunaishi na mtu mwenye hofu kubwa namna ile, na sisi tunamwona mcheshi. Natamani angeniambia, ningemsaidia kuibeba.

Jumatatu iliyofuata niliwasha pikipiki. Nilifika Ringwani saa nne asubuhi, nikamkuta bibi anayekaribia miaka tisini, anachambua mboga. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza yote bila kuruka. Akauliza kama ule ulezi ulitoka kwa kijana yule. Nikasema ndiyo. Akasema miaka yote alidhani ni kanisa, na kwamba alikuwa akiwashukuru wazee wa kanisa nao wakipokea shukrani. Kisha akaniambia neno la kumpelekea Mama:

"Mwambie mama yako mimi sijafa, na mume wake nilimpa uji tu."

Nililileta neno hilo nyumbani. Mama alilisikiliza, akaenda kuchota maji. Wiki zote hizi ameniita Daktari kama kawaida, nami nikaona basi, mtu hawezi kufuta mazoea ya miaka arobaini kwa ujumbe mmoja wa pikipiki.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, gari tulilolituma Ringwani lilifika. Mnamwona bibi pale mbele, aliyejifunga kitenge cha kijani. Mama alitoka ndani mwenyewe kumpokea. Wakashikana mikono, na Mama akamwomba msamaha kwa mambo ambayo bibi hajawahi hata kuyasikia. Bibi alikuwa anacheka, Mama alikuwa analia. Halafu Mama akageuka kutazama uwanjani tulikokuwa tunapanga viti, akaita kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia:

"Mogesi! Mletee wajina wako kiti!"

Na mimi, mtu mzima, mtumishi wa serikali, nilisimama pale nikatazama nyuma kuona ni nani anayeitwa.

Kaka Nashoni, zima spika yako. Ndugu zangu, nawashukuru wote kwa masikio yenu.