Mwalimu Losaline na Dakika ya Kujisifu

Ijumaa tarehe 28 Novemba, Mwalimu Losaline Moala anastaafu baada ya kufundisha Biashara na Stadi za Kutafuta Kazi katika shule yetu hapa kisiwani Vavau, Tonga, kwa miaka thelathini na mmoja. Wizara inasema thelathini. Yeye anasema thelathini na miwili, kwa kuwa anahesabu na ule mwaka wa kimbunga alipofundishia kanisani bila barua ya ajira. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimejaribu kuwapatanisha nikashindwa, nimechukua ya katikati. Wasomaji mniwie radhi, maana hili si jambo la mwisho lililonichanganya kuhusu mama huyu.

Alitujia akitokea ng'ambo, Auckland, ambako alikuwa akiajiri watu katika ghala la kufunga matunda. Huko aliwaona vijana wetu wa Tonga wakiulizwa wanaweza kazi gani. Wanainamisha macho kwa adabu, wanasema hawawezi kitu, na wenyeji wa kule wanaamini. Alichoka kuwaona wakirudishwa mlangoni, akapanda ndege kurudi nyumbani.

Somo lake la kwanza aliliita Dakika ya Kujisifu. Kila mwanafunzi alisimama mbele akataja mazuri yake mwenyewe kwa dakika nzima. Darasa langu lilikuwa la jirani na nilidhani kuna msiba. Binti mmoja alilia hadi kengele ikalia. Kijana mmoja alijikaza, akasema, "Mama yangu anasuka mikeka mizuri sana."

"Nimekuuliza habari za mama yako?"

"Hapana, Mwalimu. Lakini ungeiona!"

Mwaka wake wa pili alianzisha biashara ya wanafunzi ya kuuza maandazi. Ilikufa siku ya pili. Mashangazi walipita wakaomba, na hapa kwetu shangazi ndiye mkubwa wa ukoo, hanyimwi kitu hata kama kimo mdomoni mwako. Sisi walimu tulicheka. Losaline akaihamishia meza ya maandazi katika kijiji cha mbali, akatoa na kanuni ambayo sijaikuta katika kitabu chochote cha biashara: fungua duka mahali ambapo huna shangazi. Meza ile inauza hadi leo.

Lililotuvuruga zaidi lilikuwa mahojiano ya majaribio, ambapo sisi watu wazima tuliketi kama waajiri tukawauliza wanafunzi maswali. Kwetu kaka na dada waliokwisha kukua hawaketi chumba kimoja wakazungumza mambo yao, na mtoto wa mama mkubwa au mama mdogo ni kaka au dada yako kamili. Katika kisiwa hiki, basi, kila akiingia binti, muulizaji mmoja anatoka. Akiingia mwingine, wa kwanza anarudi na wa pili anatoka. Siku moja nilibaki peke yangu na viti vitatu vitupu. Mimi ni mtu wa Haapai, visiwa vya jirani, sina ukoo hapa, na kwa sifa hiyo moja nimewahoji watu wengi kuliko meneja yeyote wa Vavau. Losaline ndiye aliyepata dawa: wenye dada wakae barazani, wageuze migongo, maswali yao niyapokee dirishani.

Mwezi uliopita mchezo ukawa kweli. Wizara ilituandikia kwamba nafasi yake isipopata mtu kabla hajaondoka, somo litafutwa. Aliyeomba ni mmoja tu, Lupe Tatafu, mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake. Jopo lilitakiwa watu watatu: mimi, Sateki wa benki na Mchungaji Mosese. Hao wawili wengine ni watoto wa mama wadogo wa Lupe. Wakaenda barazani wakageuza migongo. Losaline aliruhusiwa kukaa ndani na kutazama, kwa sharti asiseme neno.

Nikamwuliza Lupe kwa nini tumchukue yeye. Akainamisha macho.

"Wapo wanaonizidi, Mwalimu. Watafuteni hao."

Niliinama niandike. Mara sauti ya Sateki ikaingia dirishani. "Havea, usiandike hayo! Andika kwamba ana karakana ya kushona matanga ya mashua za wageni, na alianza na sindano moja!"

"Na barua za kuombea kazi za vijana wa kanisani kwangu," Mchungaji akadakia, "nani anawasaidia kuziandika? Sema, nani?"

Waulizaji walikuwa wanamjibia mwulizwa. Niliandika yote, nikatoa alama zote, bila kujua nimempa nani. Losaline akasimama.

"Futa."

"Mama, umekatazwa kusema."

"Futa, Havea! Watoto atakaowafundisha wakifika Auckland, nani atakaa barazani awasemee?"

Nikafuta. Nikauliza upya. Lupe akainamisha macho tena, nikaogopa kwamba somo limekufa mikononi mwangu. Machozi yakamtoka, akainua uso.

"Kazi hii naiweza," akasema. "Naitaka. Nikiikosa nitaumia."

Barazani, Sateki alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Ilikuwa aibu au fahari, sikuelewa, na si jambo la kumwuliza kaka mtu. Saini tatu zilipatikana palepale, moja mezani na mbili dirishani. Lupe anaanza muhula ujao, na somo limepona.

Nilimtafuta Losaline nimpe mkono wa heri. Nilimkuta darasani kwake, anafuta ubao uliokuwa safi.

"Mama, mbona umejificha? Nafasi imepata mtu!"

"Nimefurahi," akasema, na alikuwa analia. "Havea, maisha yangu yote nimefundisha watu kuomba kazi. Kuiacha sikumfundisha mtu, na mwenyewe sijui inavyofanywa."

Nilisimama pale na mkono wangu wa heri, sijui niupeleke wapi. Nampenda mama huyu. Nimewauliza walimu wenzangu chumba kizima jinsi kazi inavyoachwa, nao hawajui.

Mwalimu Losaline, kwa niaba ya shule nzima, na ya wote waliowahi kulia katika dakika yako, asante. Siku zako zote ziwe njema, na afya isikupungukie. Ukishajifunza namna ya kuiacha kazi, urudi utufundishe. Ukishindwa kabisa, urudi vivyo hivyo.