Cheptoo na Meza ya Mreno

Benchi la Celine, muuza chai, liko kando ya banda la kupimia majani chai, nje kidogo ya Kipkelion, mahali ambapo wakulima hungoja lori hata kwa saa nne likichelewa. Ni ubao mmoja mrefu wa mkaratusi juu ya mawe mawili. Chai ya Celine ina maziwa mengi, na hapo ndipo mambo ya dunia huamuliwa. Yupo Onyancha, mshona viatu na gambuti, ambaye kwa kazi hiyo wamemwita Daktari. Yupo Robert, mwenye habari zote kabla hazijatangazwa, naye ni Redio. Na yupo Mzee Kimeli, mwenye ng'ombe wanne na ekari moja unusu ya chai, anayeitwa Balozi tangu binti yake Cheptoo aende kufanya kazi ya uuguzi huko Norwe, kaskazini kabisa, ambako kuna wiki nzima nzima jua halichomozi.

Jumatatu hiyo Balozi alikuja na magunia yake ya majani akiwa amevaa koti la kanisani. Walipoliona koti wakajua kuna jambo. Redio alisogea, akampa nafasi katikati ya benchi.

— Haya, sema, Balozi. Tumeona koti.

Kimeli hakuwa na haraka. Alikunywa kikombe chake hadi nusu, kisha akatoa simu na kuwaonyesha picha. Ukumbi mdogo, watu wengi weupe wenye nywele nyeusi, na mbele yao, mwisho wa meza ndefu, Cheptoo ameketi kama bibi arusi. Ukutani nyuma yake bendera mbili, moja ya Ureno na moja ya Kenya.

Wareno wanafanya nini Norwe, Daktari aliuliza, na Kimeli alikuwa tayari kwa swali hilo. Aliwaeleza kwamba katika mji anaokaa Cheptoo kuna familia kama arobaini za Wareno. Wazee wao walikwenda miaka mingi iliyopita kufanya kazi ya kukausha samaki na kuunda meli, wakazaa huko, wakazika huko. Lakini hawakukubali kupotea. Wamekodi ukumbi juu ya duka la magurudumu. Kila Jumamosi watoto wao hufundishwa Kireno pale, na mara moja kwa mwezi padri huja kusoma misa kwa lugha yao. Na samaki wale wanaowakausha kwenye baridi ya Norwe ndio hao hao ambao ndugu zao hula Krismasi kule Ureno.

Halafu akafika kwenye jambo lenyewe. Katika makao ya wazee anakofanya kazi Cheptoo aliletwa Mreno mmoja, Mzee Amadeu. Mkewe amekufa, na mwanawe wa pekee yuko baharini na meli ya uvuvi. Huyu mzee alikuwa ameongea Kinorwe miaka hamsini, ila ugonjwa wa kusahau ulikuwa umekifuta chote, kikabaki Kireno tu. Ijumaa moja alikataa kula. Wakimpelekea sahani kitandani anaisukuma, huku akirudia neno moja tu kwa sauti ya chini. Wauguzi wakasema anamwita mkewe. Jumamosi akakataa tena. Daktari wa makao akaanza kuzungumza habari za mpira wa kumlishia puani.

Jumapili Cheptoo aliingia zamu. Akainama karibu na mto, akasikiliza.

— Meza, — Kimeli alisema, akawatazama mmoja mmoja. — Mzee alikuwa anasema meza.

Celine aliweka birika chini.

— Meza hii hii? — Redio aliuliza.

— Hii hii. Hao wote hapo wamesoma vyuo vikuu, hakuna aliyeelewa. Msichana wangu alielewa kwa sababu ya Kiswahili.

Cheptoo hakumuuliza mtu. Alileta meza kutoka chumba cha wauguzi, akaitandika kitambaa, akamwinua yule mzee, akamketisha, kisha akavuta kiti na kuketi naye, maana mtu hawezi kuketishwa mezani peke yake kama mwenye kosa. Mzee Amadeu aliipapasa meza kwa viganja vyote viwili. Akachukua kijiko. Akala supu yote na mkate. Alipomaliza alianza kulia, na Cheptoo naye akalia, kisha wakacheka.

Kesho yake Cheptoo alipanda ngazi za ule ukumbi, akawaambia Wareno kwamba mzee wao yuko vile na vile. Tangu siku hiyo wanakwenda kwa zamu, kila mlo kuna Mreno mezani. Na Jumamosi iliyopita wakamfanyia Cheptoo karamu. Mwanamke wao mkubwa, Dona Graça, alisimama akasema binti wa Kenya amewasikilizia baba yao. Wakaanza kuhesabu maneno yaliyo sawa, upande wa Kireno na upande wa Kiswahili: meza, bendera, leso, karata, mvinyo. Kwa kila neno watu walipiga makofi.

Hapo sasa benchi likapata kazi. Daktari, aliyewahi kukaa Mombasa miezi saba, alisema hakuna la ajabu, Wareno walijenga ile ngome ya pwani na walipofukuzwa waliacha maneno nyuma kama mtu anavyoacha viatu akikimbia. Redio akakubali, akaongeza kwamba baridi ndiyo iliyofuta Kinorwe cha mzee, kwa sababu lugha ya ugenini hukaa nje ya kichwa kama koti na lugha ya mama hukaa ndani kama fulana. Kutoka hapo akavuka mpaka. Wakipsigis, alisema, walitoka upande wa Misri, na Wareno lazima walipita Misri wakitafuta njia, kwa hivyo huenda meza ni neno letu tuliwapa sisi.

— Mkipsigis wa zamani alikuwa na meza ya nini? — Daktari alimuuliza. — Si mlikuwa mnakalia kigoda?

— Tuliwapa kwa sababu hatukuwa tunaitumia.

Kimeli alicheka mpaka koti likapanda mabegani. Alijisikia mrefu. Alikumbuka watu waliomwambia auze ng'ombe wa tano kwa jambo lingine, si kwa karo ya msichana. Aliona kana kwamba mlima mzima wa chai ulio mbele yake umesimama kumsikiliza.

Pembeni ya benchi alikuwa ameketi Mokeira, mwanamke aliyetoka upande wa Kisii wiki iliyopita kuja kuchuma chai katika shamba la jirani. Alikuwa amekunywa chai yake kimya. Aliuliza kwa heshima, bila ubaya wowote:

— Na mjukuu wako, Mzee, yule nasikia amezaliwa huko. Yeye anakuitaje?

Mtoto ana miaka mitatu. Anaitwa Chepkemboi, jina la msichana aliyezaliwa usiku, kwa kuwa alizaliwa gizani, ingawa ilikuwa saa tisa alasiri, na benchi hili lilibishana siku mbili kama jina hilo ni halali. Lakini kwenye simu yeye hupita tu nyuma ya mama yake akikimbia. Kimeli hakuwahi kumsikia akimwita chochote. Alimtazama Daktari, Daktari akatazama gambuti. Redio, kwa mara ya kwanza, hakuwa na habari.

Lori lilinguruma kwenye kona. Wengine wakainuka kuelekea magunia yao. Kimeli alibaki, akabonyeza simu. Cheptoo aliitika akiwa jikoni, akauliza kuna nini.

— Hakuna kitu. Nipe mtoto.

Uso mdogo ukajaza kioo. Mtoto alisema jambo refu kwa Kinorwe, akangoja jibu. Kimeli alijigusa kifua, akasema polepole neno ambalo Wakipsigis humwitia babu:

— Kugo. Mimi ni kugo.

Mtoto akageuka kwa mama yake, akarudi.

— Kuko, — akasema.

Daktari, aliyekuwa amesimama nyuma akichungulia, alisema mtoto amekosea kidogo, hajalitamka vizuri.

— Hajakosea, — alisema Kimeli, na macho yake hayakutoka kwenye simu. — Hivyo ndivyo mama yangu alikuwa anasema.